Taa Zilizopita Juu ya Diko: Uchambuzi wa Kisa Kutoka Ufuo wa Kaskazini mwa Malindi

Uchambuzi huu umeandikwa kwa ajili ya walimu wa sayansi, walezi wa vilabu vya shule, na yeyote ambaye huenda siku moja akajikuta mbele ya watu waliokwisha kuona kitu angani na wanaotaka kuambiwa kama wametembelewa na viumbe wa sayari nyingine. Majina ya watu, ya shule na ya kijiji yameondolewa, na baadhi ya mambo madogo yamebadilishwa ili wahusika wasitambulike.

Usuli

Kijiji kinachohusika kiko kaskazini mwa Malindi, kwenye ufuo unaotazama Ghuba ya Ungwana, na wakazi wake wengi wanaishi kwa uvuvi, kwa kazi za mashamba ya chumvi na kwa biashara ndogondogo. Ni kosa kudhani kwamba jamii kama hii ni ngeni kwa mambo ya anga za juu. Ndani ya ghuba hiyo hiyo Waitaliano walisimamisha majukwaa ya chuma ya San Marco na Santa Rita katika miaka ya 1960, na kutoka hapo roketi za kubeba setilaiti zilirushwa kuanzia Aprili 1967 hadi Machi 1988. Tarehe 12 Desemba 1970, siku Kenya ikiadhimisha uhuru wake, ilirushwa setilaiti iliyopewa jina la Uhuru, ya kwanza duniani kutengenezwa mahsusi kwa ajili ya kuchunguza miali ya eksirei itokayo angani. Orodha iliyotokana na kazi yake ina vyanzo 339 vya miali hiyo, na vipimo vyake vilisaidia kuielekeza dunia kwenye Cygnus X-1, mahali ambapo leo panafahamika kuwa na shimo jeusi. Wazee wa kijiji waliziona roketi hizo zikipanda kwa macho yao, na kumbukumbu hiyo ilikuja kuwa na uzito mkubwa katika kisa hiki.

Kulikuwa na jambo jingine ambalo bado lilikuwa midomoni mwa watu. Tarehe 30 Desemba 2024, pete ya chuma yenye kipenyo cha takriban mita 2.5 na uzito wa kilo 500 hivi ilianguka katika kijiji cha Mukuku, Kaunti ya Makueni, na Shirika la Anga za Juu la Kenya likaeleza kuwa ni kipande cha roketi. Kisa chetu kilitokea wiki chache baadaye, katika msimu wa kaskazi. Kwa hiyo watu walikuwa tayari na sababu ya kutazama juu.

Wahusika wakuu ni wanne. Wa kwanza ni mwalimu wa fizikia katika shule ya sekondari ya kutwa, mzaliwa wa Lamu, ambaye pia ni mlezi wa klabu ya sayansi. Wa pili ni nahodha mzee ambaye ameacha kwenda baharini lakini bado hukaa dikoni, mahali mashua zinapofikia, kila jioni. Wa tatu ni msichana wa Kidato cha Tatu aliyepiga picha ya video kwa simu ya mamake. Wa nne ni maalim wa madrasa, ambaye wazazi wengi walimkimbilia yeye kabla ya kumkimbilia mwalimu.

Yaliyotokea

Takriban dakika 45 baada ya jua kuchwa, watu wakiwa wametoka msikitini baada ya Maghrib na wavuvi wakipakia nyavu, mstari wa taa ulitokea upande wa kusini-magharibi, juu ya nchi kavu. Ulipanda hadi karibu na utosi, kisha ukaelekea kaskazini-mashariki, baharini. Taa zilizidi ishirini, zikifuatana kwa nafasi zinazokaribia kulingana, bila mlio wowote na bila kumetameta. Zilipokuwa juu ya bahari zilizimika moja baada ya nyingine, kila moja mahali pale pale ilipozimikia iliyotangulia. Kuzimika huko ndiko kulikowatisha watu zaidi ya kitu kingine chochote. Kijana mmoja alipaza sauti kwamba zinaingia mlangoni, na neno hilo halikufutika tena: kesho yake hata watu waliokuwa ndani ya nyumba zao usiku ule walikuwa wakizungumzia mlango.

Video ya msichana ilisambaa kwenye simu kabla ya Isha. Iliandamana na ujumbe wa sauti, ambao mwenyewe hajajulikana hadi leo, uliodai kwamba chombo kimoja kimeshuka mikokoni na kwamba wageni hao wanafuata mitambo ya Waitaliano. Mabaharia wa mashua kadhaa walikataa kwenda kuvua usiku. Wazazi kadhaa waliwazuia watoto wao kwenda kwenye masomo ya jioni. Baadhi ya watu waliongeza taa kubwa isiyotikisika iliyokuwa upande wa magharibi, wakisema hicho ndicho chombo mama kilichozituma zile ndogo.

Siku ya pili alifika mgeni kutoka mjini mwenye kamera, aliyetaka kutengeneza video ya mambo ya ajabu. Aliwakusanya mashahidi barazani, akawahoji wote pamoja, kila mmoja akimsikia mwenziwe. Wakati huo huo, shuleni, msichana aliyepiga picha alianza kuitwa muongo na baadhi ya wenzake, na wengine wakambandika jina la utani la kiumbe wa angani.

Jambo la mwisho katika mfuatano huu lilipatikana kwa kuchelewa. Baharia kijana, aliyekuwa ndani ya mashua nje ya mwamba usiku ule ule, alisema kwamba baada ya Isha aliona taa moja ya rangi ya machungwa ikipanda kutoka karibu na upeo wa bahari, ikasimama kwa muda, kisha ikashuka na kupotea. Hakuwa na saa. Wenzake wawili walikuwa wamelala.

Maamuzi na sababu zake

Mwalimu aliulizwa asubuhi ya kwanza, mbele ya gwaride la shule, kama zile taa ni za wageni wa angani. Alikuwa na dhana yake tayari, kwa kuwa alikuwa amewahi kusoma kuhusu setilaiti za intaneti za Starlink, ambazo tangu kundi la kwanza la setilaiti 60 liliporushwa Mei 2019 zimekuwa zikionekana kama msafara katika siku chache za mwanzo baada ya kurushwa, kabla hazijapanda na kutawanyika. Hata hivyo alikataa kutoa jibu. Aliwaambia wanafunzi kwamba kwanza lazima ijulikane ni kitu gani hasa kilichoonekana, na kwamba jibu linalotolewa kabla ya maswali ni dhana tu, hata likitoka kwa mwalimu. Uamuzi huu ulilalamikiwa na walimu wenzake, waliotaka taharuki ikomeshwe papo hapo. Mimi nauona kuwa ndio uliobeba mengine yote, kwa sababu ulimpa kila shahidi nafasi ya kusema alichokiona kabla hajajua mwalimu anataka kusikia nini.

Uamuzi wa pili ulikuwa kuwahoji mashahidi mmoja mmoja, kila mmoja peke yake, na kuandika maneno yao kama walivyoyasema. Sababu yake ilitoka katika kisa cha Ruwa, Zimbabwe, ambako tarehe 16 Septemba 1994 wanafunzi 62 wa shule ya Ariel walisema wameona chombo na viumbe karibu na uwanja wa shule. Siku mbili kabla yake, mabaki ya roketi ya Urusi yaliyokuwa yakiungua angani yalikuwa yameonekana na watu wengi kusini mwa Afrika na kuzua mazungumzo mengi ya vyombo vya ajabu. Watoto wa Ariel walihojiwa kwa makundi, wengine wakisikiliza. Sisemi kwamba walidanganya, na wengi wao wameshikilia maneno yao hadi utu uzima. Ninachosema ni kwamba kuhojiwa kwa namna hiyo kuliondoa uwezekano wa kujua ni maneno yapi yalikuwa ya nani, na hasara hiyo hairekebishiki tena.

Kijijini kwetu thamani ya uamuzi huu ilionekana wazi bila mtu kuipanga. Mashahidi ambao klabu iliwahoji kabla ya mgeni wa kamera kufika walisema taa zilikuwa nyeupe. Waliohojiwa baada ya kikao cha barazani, na waliokuwapo kikaoni, wengi wao walisema zilikuwa na ukijani. Video ya msichana inaonyesha taa nyeupe.

Uamuzi wa tatu ulihusu vipimo. Hakuna aliyekuwa na chombo cha kupimia, lakini kila mtu alikuwa na mkono. Ngumi iliyonyoshwa mbele kwa mkono wote hufunika takriban nyuzi 10 za anga, na kidole kimoja takriban nyuzi 2. Mashahidi walipelekwa mmoja mmoja mahali walipokuwa wamesimama, wakaombwa waonyeshe kwa mkono zilipotokea taa, zilipopita na zilipozimikia. Wengi walitoa majibu yaliyotofautiana sana, kama inavyotarajiwa. Nahodha mzee, ambaye klabu haikukusudia kumhoji kwa sababu mwanafunzi mmoja alisema mzee huyo hajui habari za setilaiti, alitoa maelezo bora kuliko yote. Alisema mstari ulipita kati ya Kilimia, kile kishada cha nyota, na sayari ya Mshtarii, na kwamba taa zilizimika ngumi mbili juu ya maji. Alipoulizwa kuhusu taa kubwa ya magharibi alimjibu mwanafunzi, "Ile ni Zuhura, mwanangu. Tangu mwaka jana ipo pale kila jua likichwa. Kama ni chombo, basi kimetia nanga zamani."

Taa kubwa ilikuwa sayari tu, na kwa sentensi hizo chache kazi ilikuwa imefika mbali. Setilaiti zilizo kwenye kimo cha kilomita 300 hivi huenda kwa kasi ya karibu kilomita 7.7 kwa sekunde. Jua likiwa limekwisha kuchwa kwetu chini, huko juu bado linaziangaza, na ndiyo maana zinaonekana bila kuwa na taa yoyote. Kadiri zinavyoelekea mashariki ndivyo zinavyokaribia kivuli cha dunia, na kila moja hutoweka inapovuka ukingo wa kivuli hicho. Kwa kuwa zote zinapita njia moja, zote hutoweka karibu mahali pamoja. Klabu ilipochora pembetatu yake kwa kimo hicho na kwa muda huo baada ya jua kuchwa, ukingo wa kivuli ulikuja takriban nyuzi 20 juu ya upeo wa mashariki, yaani ngumi mbili. Mlango uliowatisha watu ulikuwa kivuli cha dunia wanayoikanyaga.

Uamuzi wa nne ulikuwa wa kijasiri zaidi. Mwalimu alitumia programu ya kukadiria mapito ya setilaiti, akakuta kwamba msafara ule ule ungepita tena jioni iliyofuata, taa zikiwa zimeachana zaidi na zikiwa hafifu kidogo. Aliwaomba maalim na mwenyekiti wa kamati ya ufuo watangaze kwamba watu wakusanyike dikoni, akataja saa, upande zitakakotokea na upande zitakakozimikia, na akasema hadharani kwamba zikikosa kuonekana huku mbingu ikiwa safi, maelezo yake yatakuwa yamekosea na ataanza upya. Mwenyekiti alihofia aibu iwapo mawingu yatafunika. Mwalimu alijibu kwamba maelezo yasiyokubali kujaribiwa mbele ya watu hayatamrudisha baharia yeyote mashuani.

Somo la masafa, na pingamizi la mwanafunzi

Sambamba na hayo, mwalimu aliandaa somo kwa klabu nzima kuhusu uwezekano wa kusafiri kati ya nyota, na hapa nitakaa zaidi, kwa sababu ndipo kisa hiki kilipotoa mafunzo ambayo hayakutarajiwa.

Alianza na takwimu. Nyota iliyo karibu nasi kuliko zote baada ya Jua ni Proxima Centauri, iliyo umbali wa miaka-nuru 4.24 (mwaka-nuru ni umbali ambao nuru husafiri kwa mwaka mmoja), yaani takriban kilomita trilioni 40. Chombo cha Voyager 1, kilichorushwa Septemba 1977 na kuvuka mpaka wa upepo wa Jua Agosti 2012, kinakwenda kilomita 17 hivi kwa sekunde. Kwa kasi hiyo, umbali wa kufika Proxima ungechukua takriban miaka 75,000. Chombo chenye kasi kubwa kuliko vyote vilivyotengenezwa na binadamu, Parker Solar Probe, kilifikia takriban kilomita 192 kwa sekunde mwezi Desemba 2024, tena kwa kuvutwa na Jua lenyewe. Hata kasi hiyo ingehitaji zaidi ya miaka 6,600. Mwalimu akaandika ubaoni kwamba, kwa hiyo, safari kati ya nyota haiwezekani, na kwa hiyo zile taa hazikuwa za wageni.

Mwanafunzi mmoja alisimama akasema, "Mwalimu, umehesabu safari yetu sisi. Hukuhesabu ya aliyeanza miaka milioni moja kabla yetu."

Pingamizi hilo lina nguvu, na mwanafunzi huyo bila kujua alikuwa amefika mahali ambapo mwanafizikia Enrico Fermi alifika mwaka 1950 alipowauliza wenzake kule Los Alamos: kama wapo, mbona hatuwaoni? Galaksi yetu ina upana wa takriban miaka-nuru 100,000 na umri unaozidi miaka bilioni 10. Chombo chenye kasi ya asilimia 10 tu ya kasi ya nuru kingeikata yote kwa muda wa miaka milioni moja, na hata chenye asilimia 1 kingetumia miaka milioni 10. Kwa kalenda ya maisha ya mtu huo ni muda usiofikirika, lakini kwa kalenda ya galaksi ni muda mfupi. Sheria za fizikia tunazozijua zinakataza kuipita kasi ya nuru. Hazikatazi kwenda polepole, wala hazikatazi kuvumilia.

Jambo linalozuia hasa ni gharama ya nishati, na hapo ndipo somo lilipaswa kuanzia. Kuipa kilo moja ya chombo kasi ya asilimia 10 ya kasi ya nuru kunahitaji nishati ya takriban kilowati-saa milioni 125, hata kama hakuna chembe inayopotea njiani. Kwa tani moja ni kilowati-saa bilioni 125, kiasi ambacho, kwa viwango vya miaka ya karibuni, Kenya nzima ingehitaji takriban miaka 9 hadi 10 kukizalisha kwa mitambo yake yote ya umeme. Na hapo chombo bado hakijafunga breki. Kusimama kule kunataka nishati nyingine ya namna hiyo, ambayo lazima ibebwe tangu mwanzo au itafutwe njiani. Wahandisi wa Chama cha Safari za Sayari cha Uingereza walipobuni chombo cha Daedalus kati ya 1973 na 1978, kwa ajili ya kwenda Nyota ya Barnard kwa asilimia 12 ya kasi ya nuru, walipata chombo cha tani 54,000, na takriban tani 50,000 kati ya hizo zikiwa fueli; tena kilikuwa cha kupita tu, bila kusimama. Mpango wa Starshot uliotangazwa Aprili 2016 ulichukua njia ya kinyume: kupunguza chombo hadi gramu chache na kukisukuma kwa leza kutoka ardhini hadi asilimia 20 ya kasi ya nuru, kifike jirani na Proxima baada ya miaka 20 na ushei. Hakuna kati ya hivi kilichojengwa. Lakini hakuna pia aliyeonyesha kwamba vinavunja sheria ya maumbile.

Vitu kutoka mifumo mingine ya nyota, visivyo na uhai, hutufikia kweli. Oktoba 2017 darubini ya Pan-STARRS huko Hawaii iligundua 'Oumuamua, kitu cha kwanza kujulikana kupita kwetu kutoka nje ya mfumo wa Jua. Mwaka 2019 ikafuata nyota yenye mkia, au kometi, ya Borisov. Na Julai 2025, miezi kadhaa baada ya kisa hiki, kikagunduliwa kitu cha tatu, 3I/ATLAS. Mwanasayansi Avi Loeb wa Harvard amependekeza kwamba 'Oumuamua huenda ni kitu kilichotengenezwa, na wengi wa wenzake hawakukubaliana naye, wakitoa maelezo ya barafu na miamba. Mabishano hayo yalikuwa na vipimo vya mwanga na vya mwendo ambavyo pande zote mbili zingeweza kuvikagua. Kijijini tulikuwa na ngumi na vidole, lakini navyo vilikuwa vipimo.

Kwa heshima yake, mwalimu hakumnyamazisha mwanafunzi. Alifuta maneno "haiwezekani" na "kwa hiyo", akaacha takwimu peke yake, na somo likaahirishwa. Aliyelifungua tena ni nahodha, aliyealikwa kuzungumza na klabu kuhusu nyota za baharini. Aliposimuliwa mabishano hayo alisema kwamba njia ya kufika Maskati ipo, na babu zake waliipita, lakini kila tanga linaloonekana nje ya mwamba halijatoka Maskati; mengi yametoka Kipini, hapa hapa karibu. Sijasikia maelezo bora zaidi ya tofauti kati ya jambo linalowezekana na jambo lililotokea.

Matokeo

Jioni iliyotangazwa mbingu ilikuwa na mawingu membamba upande wa kusini, na watu walijaa dikoni. Taa zilitokea zikiwa zimechelewa kidogo kuliko saa iliyotajwa, zikiwa zimeachana zaidi kama ilivyosemwa, na zikazimika upande ule ule wa baharini. Watoto walinyosha ngumi zao kupima. Usiku huo huo mashua mbili zilitoka, na ndani ya siku chache nyingine zilifuata.

Maalim alizungumza baada ya sala ya Isha. Alikumbusha kwamba Qur'ani yenyewe, katika Surat Ash-Shura aya ya 29, inataja viumbe ambao Mwenyezi Mungu amewaeneza mbinguni na ardhini, na kwamba Muislamu hapati taabu ya imani akiambiwa kuna viumbe mbali na hapa. Taabu ni kusema umeona usichokiona au kukanusha ulichokiona. Maneno hayo yaliwatuliza wazazi ambao takwimu za mwalimu zisingewafikia.

Si kila kitu kilikwenda vizuri. Video ya mgeni wa kamera ilienea mbali kuliko maelezo ya klabu, na hadi leo wapo watu wa mbali wanaoamini kwamba taa zilikuwa za kijani. Msichana aliyepiga picha aliacha kuja klabuni kwa muda mrefu.

Uchambuzi

Kilichofaulu zaidi, kwa maoni yangu, ni ule utabiri wa hadharani. Watu waliamini kwa sababu walikuwa wameambiwa mapema nini kingeonyesha kwamba mwalimu amekosea, kisha wakaona kwa macho yao kwamba hakikutokea. Maelezo ya kitaalamu yangewaacha wakichagua kati ya sauti ya mwalimu na ujumbe wa sauti wa simu, na ujumbe wa simu ulikuwa umetangulia. Lakini utabiri huo haukuwa na maana bila mahojiano ya mmoja mmoja, kwani bila njia ya nahodha kati ya Kilimia na Mshtarii isingewezekana kujua kwamba kilichopita jioni ya baadaye ndicho kile kile kilichopita mwanzo.

Kilichoshindwa waziwazi ni kutumia umbali wa nyota kama uthibitisho kwamba watu hawakuona kitu fulani. Hoja hiyo ni dhaifu kisayansi, kama mwanafunzi alivyoonyesha, na pia inawadhulumu mashahidi, kwa sababu inawaambia kwamba ushuhuda wao hauhitaji kusikilizwa. Swali la kama safari kati ya nyota inawezekana hujibiwa kwa fizikia na kwa hesabu ya nishati. Swali la taa za jioni ile hujibiwa kwa saa, kwa upande na kwa vipimo. Jopo la wataalamu lililoundwa na NASA, shirika la anga za juu la Marekani, kuchunguza matukio ya angani yasiyotambulika lilisema Septemba 2023 kwamba halikupata ushahidi kuwa matukio hayo yana asili ya nje ya dunia, na kwamba tatizo kubwa ni uchache na udhaifu wa data. Halikusema kwamba wageni hawawezekani, wala halikuhitaji kusema hivyo.

Uvumi kuhusu majukwaa ya San Marco ulipuuzwa kwa sababu walimu waliuona wa kipuuzi. Haukuwa wa kipuuzi. Mtu aliyeona roketi zikipanda kutoka ghuba hiyo akiwa kijana ana sababu nzuri ya kuhusisha taa za angani na mahali pale, na ilitosha kueleza kwamba hakuna roketi iliyorushwa kutoka pale tangu 1988. Kwa kunyamaziwa, uvumi ulidumu kuliko hofu ya mlango.

Kuhusu msichana, klabu ilichukua hatua, lakini naona ilichelewa mno. Video yake ilikuwa ushahidi pekee uliothibitisha rangi ya taa, na hilo lilipaswa kusemwa mbele ya shule nzima siku ya kwanza au ya pili. Lilisemwa baada ya utabiri kufaulu, wakati jina la utani limeshakomaa. Mwalimu alikwenda nyumbani kwao kuzungumza na mamake, na msichana alirudi klabuni muhula uliofuata, akakabidhiwa kazi ya kuandika mahojiano. Anayeshughulikia kisa cha namna hii anapaswa kumfikiria kwanza mtu wa kwanza kusema, kwa kuwa ndiye atakayebeba kejeli ya wote.

Imebaki taa ya machungwa ya yule baharia kijana. Klabu ilijadiliana juu yake kwa ukali. Baadhi ya wanafunzi walitaka iandikwe kuwa ni fataki ya dharura kutoka chombo kilichokwama, kwa kuwa fataki hupanda, huning'inia na kushuka kwa namna hiyo. Wengine walitaka iandikwe kuwa ndiyo ya wageni, kwa kuwa zile nyingine zimeshapata maelezo na hii haijapata. Mwalimu alikataa yote mawili. Shahidi ni mmoja, saa haijulikani, upande ameukumbuka kwa kukadiria tu kutoka mashua iliyokuwa ikizunguka kwenye nanga, na hakuna chombo kilichoripotiwa kupata ajali usiku huo kwa kadiri kamati ya ufuo ilivyofahamu. Maelezo yake yameandikwa neno kwa neno chini ya kichwa "Haijabainika", na baharia aliyatia sahihi. Tangu hapo kamati ya ufuo imewaomba mabaharia wanaolala nje ya mwamba, wakiona taa wasiyoijua, waandike saa kwa simu zao na waamshe angalau mtu mmoja zaidi kabla taa haijapotea.